Mbwa na joto kali: kivuli na maji havitoshi peke yake

Mkuu, umesema mbwa wako anahema mchana kutwa tangu joto lianze ingawa maji na kivuli vipo, na jirani anakushauri umnyoe manyoya yote kisha umfunike taulo lililolowa. Nimefuga mbwa kwa miaka mingi kwenye joto, kwa hiyo naomba nikujibu kwa kirefu. Ushauri wa jirani una nia njema, ila usiufuate.

Nianze na manyoya. Mbwa wenye manyoya ya tabaka mbili, mfano German Shepherd au Husky, tabaka la juu ndilo linalozuia jua lisiwafikie kwenye ngozi. Ukilinyoa lote unawaacha wazi, na wengine hayaoti tena vizuri. Yanayowatesa ni yale ya chini yaliyokufa na kung'ang'ania mwilini. Nina jike la aina hiyo. Joto likianza namchana kila jioni, manyoya yanatoka konzi kwa konzi, na ukipitisha vidole unaigusa ngozi bila shida. Hapo hewa inapita. Kupunguza manyoya ya tumboni sawa, kumnyoa mwili mzima hapana.

Kuhusu taulo, inabidi ujue mbwa anavyojipoza. Hatoi jasho mwili mzima kama sisi, anatoa kidogo tu kwenye nyayo. Kazi kubwa inafanywa na kuhema: hewa inapita haraka juu ya ulimi na ndani ya pua, unyevu unageuka mvuke na kuondoka na joto. Ndiyo maana siku yenye unyevunyevu mwingi hewani ni mbaya kuliko siku kavu yenye jua kali, maana mvuke unakosa pa kwenda. Taulo ukimfunika nalo na kuliacha, baada ya muda linapata joto la mwili wake na kulizuia lisitoke. Mlaze juu ya taulo bichi kama unapenda, au mloweshe tumbo na mapaja kisha umwelekezee feni. Feni kwa mbwa mkavu haisaidii sana.

Sasa jambo ambalo naona watu wanalichukulia poa: mazoezi. Wengi tunaogopa jua, lakini mbwa wengi wanaofika kwa daktari wakiwa wamezidiwa na joto walikuwa wanatembezwa, wanakimbia au wanacheza. Mbwa anayekupenda hatakwambia amechoka. Dume langu ukimrushia mpira atauleta mpaka aanguke. Kwa hiyo nautazama ulimi wake. Akianza kuzidiwa, ulimi unarefuka na ncha yake inapanuka kama upawa, midomo inavutwa nyuma, na mpira anauleta kwa njia ya mzunguko ili apite kivulini. Hapo mchezo umekwisha, hata kama macho yake yanaomba tena. Natembea nao alfajiri au usiku. Kabla ya kutoka naweka mgongo wa mkono kwenye lami kwa sekunde 7, na nikishindwa kuvumilia, nyayo zao nazo zitaungua.

Gari sitaki hata kulijadili. Nje kukiwa na nyuzi 24 tu, ndani ya gari lililofungwa joto linaweza kufika 34 ndani ya dakika 10, na kufungua kioo kidogo hakubadilishi kitu cha maana. Banda la mabati lisilopitisha hewa nalo ni hivyo hivyo: kivuli kipo, ila ndani ni tanuri. Usimfunge ndani yake mchana. Wenye Pug, Bulldog na wengine wa pua fupi muwe waangalifu mara mbili, maana njia ya hewa ni nyembamba tangu kuzaliwa. Wazee, wanene na wenye ugonjwa wa moyo pia.

Dalili za hatari ni hizi: kuhema kwa nguvu bila kutulia hata akipumzika, mate mazito ya kunata, ufizi mwekundu sana au uliopauka, kuyumba, kutapika, kuharisha, kuzimia. Joto la kawaida la mbwa ni kama nyuzi 38 hadi 39, likipita 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Usimkimbize kwa daktari akiwa bado anaungua. Mpoze kwanza. Mwondoe juani, mmwagie maji ya baridi mfululizo mwili mzima, kichwa ukikiepusha ili maji yasiingie puani, na mpepee. Kama ana fahamu, mpe maji anywe mwenyewe, usimlazimishe. Ukiwa na kipimajoto, acha kumwagia akifika 39.5 hivi, asije akapoa kupita kiasi. Kisha mpeleke, madirisha ya gari yakiwa wazi. Usimpe paracetamol kabisa, hii si homa, na dawa hiyo inaweza kumuua. Hata akisimama na kutikisa mkia, mpeleke tu, kwa sababu figo na ugandaji wa damu vinaweza kuleta shida saa nyingi baadaye.

Kwa mbwa wako wewe, mkuu, mchunguze usiku. Kama jua likizama na hewa ikipoa anaacha kuhema na analala vizuri, basi ni joto. Mpe sehemu inayopitisha hewa yenye sakafu ya saruji, maji mahali pawili asije akayamwaga yote, na chakula asubuhi na jioni. Kama anaendelea kuhema hata usiku wa baridi akiwa amelala, usisubiri, mpeleke apimwe moyo na mapafu, na aangaliwe kama kuna mahali panapomuuma.