"Mzee" kwa Kiingereza: uchague lipi

Ndugu yangu, umeuliza kama utumie "old people", "the elderly" au "older people" katika barua ya kuwaombea wazee wa mtaa wenu miwani. Ningekushauri uandike "older people". Neno letu mzee limebeba heshima ndani yake, hata kijana mwenye cheo huitwa hivyo, ilhali "old" hutaja umri mtupu, na likitamkwa mbele ya mhusika huweza kumuumiza. "The elderly" si tusi, lakini huwakusanya wote katika fungu moja la wanyonge. Siku ya tarehe 1 Oktoba, ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 1990 kwa jina lenye neno hilo, leo inaitwa "International Day of Older Persons". "Senior citizens" utalikuta sana Marekani, hasa kwenye nauli na tiketi za punguzo. Jihadhari zaidi na "elders", kwani kwa kawaida msomaji atawafikiria wazee wa baraza, wa ukoo au wa kanisa, na bibi wa miaka 80 asiye na wadhifa huo atakuwa ameachwa nje ya barua inayomhusu. Sentensi yako ya kwanza basi isomeke hivi: "Many older people in our neighbourhood need reading glasses."