Orodha ya tovuti ulizotembelea kazini: isome vizuri kabla ya kumlaumu mtu wa IT

Mkuu, umesema bosi amekuwekea mezani orodha ya tovuti ambazo nyingine hujawahi hata kuzisikia, kwamba unaambiwa unashinda kwenye mitandao ya kijamii, na kwamba jamaa wa IT ana kinyongo nawe. Nimekaa upande wa IT muda mrefu na ripoti za namna hiyo nimezitoa sana. Kinyongo chaweza kuwepo, sikatai, ila tuanze na hiyo karatasi.

Ukifungua habari moja tu, kivinjari hakigusi tovuti moja. Picha zinavutwa seva hii, matangazo seva ile, na vijiprogramu vya kuhesabu wasomaji vinatoka kwingine kabisa. Kitufe cha kushea Facebook kilichopachikwa kwenye makala kinaweza kuziita seva za Facebook hata kama huna akaunti huko. Faiwoli, yaani mlinzi wa mtandao wa ofisi anayepitisha au kuzuia mawasiliano, inayaandika yote kwa jina la kompyuta yako. Halafu kuna kile kichupo ulichokiacha wazi asubuhi ukaingia kikaoni: ukurasa unajisasisha wenyewe, na kila ukijisasisha unaongeza mistari. Rekodi inahesabu maombi ya mashine. Wewe ulikuwa unasoma, umelala au umetoka, yenyewe haijui.

Namkumbuka mhasibu aliyeonekana kinara wa kula intaneti ofisi nzima, watu wakaanza kunong'ona kuhusu filamu. Kumbe kompyuta yake ndiyo ilikuwa ikinakili mafaili ya idara kwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni, tena kwa agizo la mkuu wake.

Kwa hiyo omba ripoti yenye saa, kiasi cha data na kifaa kilichotumika. Anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha kifaa kwenye mtandao, peke yake haitoshi. Kwenye ofisi nyingi anwani hizo hugawiwa upya na ruta au seva, hivyo uliyo nayo leo huenda juzi ilikuwa ya mwenzako. Wao ndio wakuonyeshe rekodi ya ugawaji wa siku ile. Na kama kompyuta mnachangia nywila, rekodi peke yake haithibitishi kwamba ni wewe.

Lakini nanyi wafanyakazi mna yenu. Kuna wanaoamini hali fiche ya kivinjari (incognito) inawaficha. Haifichi kitu kwenye mtandao wa ofisi, inaacha tu kuhifadhi historia kwenye mashine. Wengine wanaapa kwamba tunasoma WhatsApp zao. Ukiwa kwenye simu yako mwenyewe, hata kwa Wi-Fi ya ofisi, tunaona kwamba unatumia WhatsApp, ujumbe hatuuoni. Kwenye tovuti zenye HTTPS pia, yaani zinazosimba mawasiliano yasisomeke njiani, kwa kawaida tunaona jina la tovuti, si ulichoandika humo. Kompyuta ya kampuni ni habari nyingine: inaweza kuwekewa cheti cha kidijitali kinachoiruhusu faiwoli kufungua hata mawasiliano yaliyosimbwa, au programu inayopiga picha za skrini. Mambo ya benki yako yafanyie kwenye simu.

Ugomvi wa kasi nao hauishi. "Tunalipia 100, mbona faili linashuka kwa 5?" Hiyo 100 ni megabiti kwa sekunde, ile 5 kwa kawaida ni megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti 8. Gawanya kwa 8 upate megabaiti 12.5, na hizo mnagawana wote. Upande wetu nao, mtandao ukiwa mzito tu tunasema kuna mtu anaangalia video, wakati pengine ni Windows inajisasisha kwenye mashine zote kwa mpigo.

Na kama mnalalamika YouTube imefungwa ofisini: vichujio hufunga tovuti kwa makundi, na aliyeidhinisha makundi hayo mara nyingi ni uongozi. Andika barua pepe fupi utaje tovuti, kazi inayohusika na muda unaouhitaji. Ombi la hivyo hufunguliwa haraka kuliko malalamiko ya koridoni.

Jambo moja sitalificha: mtu wa IT anayebeba majina kwenda kwa bosi bila kuombwa simwamini. Kazi yake ni kutunza mtandao, nidhamu ina wenyewe. Kwako, kabla hamjabishana tovuti moja moja, muulize HR kama kuna sera ya matumizi ya intaneti iliyoandikwa, na kama kuna mahali uliisaini.