Tupa iwe ya mwisho: kuizoea bunduki ya gumegume

Kosa langu kubwa nililifanya kwa tupa. Bunduki ilikuwa gumegume, yaani ya kujaziwa mdomoni na kuwashwa kwa cheche za jiwe, ya kaliba .50 (tundu la mtutu ni nusu inchi), mtutu wa inchi 36, ina leseni na kila karatasi yake. Asubuhi ya kwanza, mita 50, risasi tano zilitua chini ya duara la shabaha kwenye boksi kiasi cha vidole vinne. Nikaona jibu ni jepesi: kilengeo cha mbele ni kirefu mno. Nikatoa tupa, nikakisugua milimita 1 hivi. Risasi zikapanda, nikarudi nyumbani Dodoma mjini nikijiona fundi. Wiki tatu baadaye nilibadili kipimo cha baruti na kitambaa kinachovishwa risasi, na kwa mara ya kwanza matundu yakakaa pamoja kama mayai kwenye kiota. Tatizo ni kwamba kiota chenyewe kilikuwa juu kabisa ya boksi. Tupa ikishakula chuma hairudishi. Nililazimika kutafuta fundi wa silaha mwenye kibali anitengenezee kilengeo kingine, na msimu wote wa kiangazi ukaishia hapo.

Kwa hiyo ninyi mnaoanza, nawasihi: vilengeo viacheni kwanza. Tafuteni mlo, yaani baruti na kitambaa, ambao bunduki yenyewe inaupenda. Ikishazoea kupiga mahali pamoja, hata kama ni mahali pabaya, ndipo mtaihamishia katikati.

Kabla sijaendelea, niseme ninazungumzia bunduki gani. Hapa kwetu ukitaja gobore, wengi wanafikiria lile la kienyeji lililoungwa kwa bomba la maji. Hilo ni kosa kisheria, na pia ni bomu unaloliweka shavuni. Hakuna neno hata moja hapa linalolihusu. Naongelea bunduki ya kiwandani, yenye mtutu uliopimwa, iliyosajiliwa polisi, inayopigwa mahali panaporuhusiwa. Na leseni ya kumiliki silaha si kibali cha kuwinda. Hicho kina utaratibu wake na mamlaka yake.

Tena magumegume mengi yaliyopita Ugogo na misafara ya karne ya 19 yalikuwa na mtutu laini ndani, bila mifereji. Mataifa ya Ulaya yalipokubaliana Brussels mwaka 1890 kuzuia biashara ya silaha Afrika, yaliacha mwanya kwa gumegume zisizo na mifereji, maana waliziona si tishio kwa majeshi yao. Mtutu laini unaweza kukulindia mtama dhidi ya nguruwe kwa hatua thelathini. Mtutu wenye mifereji inayozunguka huizungusha risasi, na risasi inayozunguka hushika njia yake. Lakini mifereji hiyo haifanyi kazi mpaka kitambaa kinachoizunguka risasi kiishike sawasawa. Hapo ndipo mtu anapokesha.

Baruti kwanza. Ni baruti nyeusi peke yake. Baruti isiyo na moshi, ile iliyo ndani ya risasi za kisasa, usiitie humo hata punje, inapasua mtutu. Kwa .50 wengi tunatumia yenye alama FFFg, yaani ya punje ndogo. Tunaipima kwa ujazo, kwa kijikombe chenye mistari ya greni, na greni 1 ni kama miligramu 65. Usimimine kutoka kwenye pembe ya kuhifadhia baruti moja kwa moja mtutuni. Kaa moja likiwa limebaki mle ndani litairudisha pembe nzima mkononi mwako ikiwa moto. Soma kitabu cha mtengenezaji, jua kiwango chake cha juu kabisa, na usikivuke. Mimi nilianzia greni 50, nikapanda kwa 5. Risasi tano kwa kila kipimo, karatasi mpya kwa kila kipimo. Andika pembeni ya karatasi hiyo hiyo, maana daftari husahaulika kwenye gari.

Sasa kitambaa, na hapa nitakaa kidogo. Risasi ya .490 huingia kwenye mtutu wa .50 ikiwa imevishwa kiraka cha unene wa inchi .015, yaani kama milimita 0.4. Kiraka kiwe pamba tupu. Mimi nakata kwenye marekani, kitambaa kile kile ambacho misafara ilikibeba majora kwa majora kulipia hongo, ule ushuru wa njia, ili ipite Ugogo. Nikifikiria hilo nacheka: watu walilipa kwa marekani, mimi naichoma. Ukienda dukani usimwamini muuzaji akisema ni pamba. Chomoa uzi mmoja, uwashe kiberiti. Pamba huacha jivu laini linalopeperuka. Uzi wa nailoni huyeyuka, ukaacha kishanga kigumu cheusi, na kishanga hicho ndicho kitakachogandia ndani ya mtutu wako. Fua kitambaa kabla hujakikata, kwa sababu wanga wa kiwandani unakifanya kiwe kigumu.

Mzee mmoja wa Mpwapwa, ambaye sote tulimwita Babu ingawa hakuwa babu wa yeyote kati yetu, ndiye aliyenifundisha kusoma viraka. Nilikuwa nikipiga risasi nakimbilia karatasi. Yeye alikuwa hata haangalii karatasi. Alitembea hatua kumi mbele ya mtutu akiwa ameinama kama mtu aliyedondosha shilingi, akaokota viraka vyangu akaviweka ndani ya kofia yake. Kisha akavipanga juu ya mkeka. Kimoja kilikuwa na duara jeusi katikati na pindo safi lililochanua kama ua. Viwili vilikuwa na tundu katikati, kingo zake zimeungua. Kimoja kilikuwa kimekatika kwa mistari myembamba, kama kilichopitishiwa wembe.

“Hiki kimepita salama,” akasema, akagusa kile cha kwanza. “Hivi viwili vimeungua, moto umepita pembeni mwa risasi. Aidha kitambaa chembamba, aidha mafuta machache. Na hiki kimekatwa na kingo za mtutu wako, bado kali. Usiniulize karatasi inasemaje.”

Tangu siku hiyo naokota viraka kwanza. Kiraka kilichoungua, ongeza unene au kipake mafuta zaidi. Kilichokatwa, angalia mdomo wa mtutu na kingo za mifereji; bunduki mpya huwa hivyo, na hulainika kadiri unavyoipiga. Kilichochanika vipande vipande mara nyingi maana yake baruti imezidi nguvu ya kitambaa. Ukipata viraka vitano mfululizo ambavyo ungeweza kuvitumia tena, umekaribia sana.

Mafuta yangu ni nta ya nyuki, ile nzuri ya upande wa Manyoni na Itigi, nikiyeyusha na mafuta ya mkia wa kondoo. Nta moja kwa mafuta matatu wakati wa baridi, nikizidisha nta joto likipanda mwezi wa kumi. Wengine hutumia mate tu, na wanapiga vizuri, ilimradi wapige hapo hapo. Mate yakikaa yanalowesha baruti.

Jambo ambalo vitabu vya Wazungu havilisemi kwa mkazo, kwa sababu kwao kuna unyevu, ni ukavu wetu. Dodoma ya Julai na Agosti, masizi ya baruti yanageuka ugamba ndani ya mtutu. Risasi ya kwanza inateremka vizuri, ya tatu inasukumwa kwa nguvu, ya tano inakwama katikati. Na risasi iliyokwama juu ya baruti, ikiacha nafasi wazi, ni hatari kweli: mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Kwa hiyo pitisha kiraka chenye unyevu kidogo kila baada ya risasi, mara moja chini na juu, kisha kikavu. Nilipoanza kufanya hivyo kila risasi, bila kuruka, fungu langu la matundu lilipungua karibu nusu, na sikuwa nimebadili kitu kingine chochote. Weka alama mbili kwenye mdeki, ile fimbo ya kushindilia: moja mtutu ukiwa mtupu, nyingine risasi ikiwa imekaa juu ya baruti. Alama isipofika mdomoni mwa mtutu, hakuna kufyatua. Na shindilia kwa nguvu ile ile kila mara. Siyo kutwanga kama kisamvu, unasukuma mpaka ikae, basi.

Upande wa moto nitapita haraka, ingawa ndio unaowakatisha tamaa wageni wengi. Jiwe likae limefungwa kwa ngozi, makali yake yaguse bamba la chuma kwa upana wote kwa wakati mmoja. Nilijaribu mawe meupe yanayozagaa mabondeni kwetu. Yanatoa cheche, lakini yanavunjika baada ya mapigo machache, nimeyaacha. Kwenye kisahani, kile kibakuli cha baruti ya kuwashia kando ya mtutu, usijaze baruti. Kidogo, chini ya kile kitundu kinachoingiza moto mtutuni, isikizibe. Ikikiziba, moto unalazimika kula baruti hiyo kwanza ndipo uingie, nawe unasikia “chwaa” halafu “puu”. Unachotaka ni mlio mmoja. Zibua kitundu kwa waya mwembamba kila unapojaza. Ikiwaka kisahani peke yake, usiishushe bunduki. Ielekeze palepale kwenye tuta, hesabu dakika nzima taratibu, ndipo ushughulike nayo. Miwani ya kinga ni lazima, na asikae mtu upande wa kulia wako, kule kitundu kinakotemea moto.

Kwa kuwa kuna kitambo kati ya kufyatua na risasi kutoka, macho yako lazima yabaki shabahani mpaka moshi ukuzibe. Sote hudhani tunafanya hivyo. Jaribu hivi: mtutu ukiwa mtupu kabisa na umehakikishwa na watu wawili, weka jiwe, lenga, fyatua, mwenzako akiangalia mdomo wa mtutu. Mdogo wangu alinitazama mara moja akasema, “Kaka, unafumba macho.” Nikabisha. Akanirekodi kwa simu. Kweli nilikuwa nafumba, na bunduki inainama kama inayoitikia salamu. Nilifanya zoezi hilo jioni kumi uani kabla sijarudi uwanjani.

Uwanjani, anza mita 25. Boksi la sabuni, duara jeusi la ukubwa wa kisahani cha kikombe, nyuma yake tuta la udongo linalozidi kimo cha mtu. Lalisha bunduki juu ya viroba vya mchanga wa korongoni, viroba vikae chini ya mti wa bunduki na si chini ya mtutu. Nenda alfajiri. Kufikia saa nne upepo wa huku unapeperusha hata baruti ya kisahani, na vumbi linaingia kila mahali.

Badili kitu kimoja tu. Ukipandisha baruti, kitambaa kibaki kilekile. Ukibadili kitambaa, rudi kwenye kipimo kilekile cha baruti. Yangu ilianza hivi: greni 50, matundu yanaenea upana wa kiganja. 55, vilevile. 60, yanasogeleana lakini moja linatoroka. 65, matano yamefunikwa na kifuniko cha soda. 70, yameanza kutawanyika tena. Nilirudia 65 siku nyingine, wiki nyingine, nikapata kilekile. Siku hiyo ndiyo niliyojua nimefika. Yako inaweza kuipenda 75, au 50 ile niliyoikataa mimi. Bunduki mbili zilizotoka kiwanda kimoja zinaweza kula tofauti.

Sasa ndipo uguse vilengeo. Kilengeo cha nyuma kinasogezwa upande unaotaka risasi iende. Cha mbele ni kinyume: risasi zikienda kushoto, kisogeze kushoto. Gonga kwa kipande cha shaba, polepole, na chora mstari mdogo wa penseli kabla ya kugonga ili ujue ulikotoka. Kwa juu na chini, hesabu kwanza. Kwangu kutoka kilengeo hadi kilengeo ni sentimita 70. Kwa mita 50, milimita 1 ya kilengeo cha mbele inahamisha risasi karibu sentimita 7. Kwa hiyo nikihitaji kupanda sentimita 3, sina haja hata ya nusu milimita. Piga tupa mara tatu, piga risasi tatu, angalia. Acha ikipiga chini kidogo bado, halafu hamia mita 50 umalizie huko.

Na kitu kimoja zaidi, ambacho nilikigundua kwa kuchelewa. Ile risasi ya kwanza, mtutu ukiwa umesafishwa na una mafuta ya jana, kwangu inatua kando ya zile nyingine, kulia kidogo. Nilidhani ni mkono wangu. Niliirudia asubuhi saba, risasi moja tu kila asubuhi, karatasi ile ile. Zote saba zilikaa kulia. Siku hizi nafuta mafuta yote kwa kiraka kikavu, nachoma baruti kidogo kwenye kisahani peke yake kitundu kikauke, ndipo najaza. Ya kwanza sasa inakaa na wenzake.