Bi Sindano Anajibu: Uzi Mkononi, Macho Mtini

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa watu wa aina moja, wale wanaokaa barazani na kitambaa magotini, sindano inaenda, huku jicho moja liko kwenye mti kuangalia ndege. Nilidhani tuko wachache kumbe tumejaa. Nimechagua sita, zingine nazijibu kwa mapana zingine kwa ufupi, msinune.

Shikamoo Bi Sindano. Mi nadarizi foronya na vitambaa vya makochi tangu niko shule ya msingi, na siku zote ni yaleyale, waridi, tausi, na yule bata mwenye shingo ndefu ambaye sijawahi kumuona kwa macho yangu. Sasa hapa kwangu nina migomba nyuma ya nyumba na wale ndege wadogo waitwao chozi wanakuja kila asubuhi kunyonya kwenye ua la mgomba, wazuri kweli, nataka nimuweke mmoja kwenye foronya badala ya huyo bata. Shida hawatulii, nikichukua simu nimpige picha kashaondoka, halafu hata rangi yake siielewi, mara mweusi mara kijani. Nifanyaje? – Mama Wawili, Tanga

Marahaba mwanangu. Huyo bata kwao Ulaya na tausi kwao India, wameingia kwenye foronya zetu kwa vitabu vya michoro na karatasi za kaboni, mama kamnakilia binti, binti kamnakilia jirani, mpaka leo tunawalalia. Sina ugomvi nao ila mtu mwenye chozi nyuma ya nyumba anadarizi bata wa nini?

Simu iweke chini kabisa. Chukua kiti na kitambaa chako ukae palepale kila asubuhi, kuanzia kama saa moja hadi saa tatu hivi jua halijawa kali, ndio wakati wanaokula sana. Ukae unashona. Nakwambia mtu anayeshona ndege wanamzoea haraka kuliko mtu aliyekuja kuwakodolea macho, kwa sababu umetulia, umeinamisha kichwa, vidole tu ndo vinacheza, wanakuona huna habari nao. Baada ya muda watakuwa wanashuka karibu mpaka unawasikia mabawa. Kando yako weka daftari na penseli, na usijaribu kumchora ndege mzima, utakata tamaa. Chora kitu kimoja tu kwa siku. Leo mdomo, uone umepinda kiasi gani. Kesho namna anavyoning'inia kwenye lile ua la mgomba kichwa chini. Siku nyingine mkia. Mistari mitatu minne inatosha, mwisho wa mwezi una ndege kamili na ni wako, haujamtoa kwa mtu.

Sasa rangi, hapa ndio penye utamu. Yule dume mwenye kifua chekundu, kama ndiye huyo unayemuona, mwili wake ni kahawia iliyoiva karibu na nyeusi, kifua chekundu cha moto, na utosini na kooni kijani kinachometa. Ile kijani si rangi ya kupakwa kwenye unyoya, inatokana na jinsi unyoya wenyewe ulivyoumbwa unavyorudisha mwanga, ndio maana akigeuka kidogo tu unaona giza. Yaani macho yako hayana tatizo. Na uzuri ni kwamba uzi nao una tabia karibu na hiyo. Chukua uzi unaong'aa, hariri au ule wa reyoni, rangi moja tu ya kijani, jaza nusu ya koo kwa kulaza mishono wima na nusu nyingine ilaze kwa mshazari, halafu kishike kitambaa dirishani ukigeuze. Utaona vijani viwili, na uzi ni ule ule! Watu wanakimbilia kununua nyuzi rangi kumi na zile za metali ambazo zinachanikachanika ukivuta, wakati kazi yote ni upande unaolaza mshono.

Mwili wake usijaze kwa nyeusi tupu, itakuwa doa. Pitisha nyuzi mbili pamoja kwenye tundu moja la sindano, moja ya kahawia moja nyeusi, uone manyoya yanavyopata uhai. Mdomo na miguu fanya kwa uzi mmoja mmoja, mshono wa nyuma mdogomdogo, usitumie mshono wa mnyororo hapo maana unanenepesha. Na jike usimsahau jamani, yeye ni wa kahawia hana madoido lakini kiota ndio kazi yake, kile kifuko kinachoning'inia anakishikiza kwa utando wa buibui.

Halafu jambo ambalo hukuliuliza. Macho. Wanaopima macho wanashauri ukifanya kazi ya karibu, kila dakika 20 uangalie mbali kama mita 6 kwa sekunde 20 hivi. Wengi wetu hatufanyi kwa sababu hamna cha kuangalia, tunaona ukuta. Wewe una migomba. Kila chozi akilia inua kichwa, shughuli imeisha.

Habari Bi Sindano, mimi ni kijana wa kiume nashona kofia za mkono, bibi ndiye aliyenifundisha. Nje ya dirisha ninaposhonea kuna mnazi umejaa viota vya mnana na napenda kuwaangalia sana, lakini masela wakinikuta wanacheka, eti sindano na ndege ni mambo ya wanawake. Inanikera. – Fundi Kofia, Unguja

Waite hao masela uwaonyeshe huo mnazi. Wale wa manjano wenye kichwa cheusi na macho mekundu wanaochana makuti na kusuka, wote madume! Mnana dume anachana ukanda mwembamba wa jani bichi, anaanza kwa kusuka pete, anasimama ndani ya pete hiyo na hapo ndipo anapofanyia kazi yote akiwa ameelekea upande mmoja, chumba kinakuja mbele yake, mlango baadaye. Jike anakuja kukagua. Anaingia, anavutavuta, asiporidhika anaondoka zake bila hata kuaga, na kiota kikikauka kikawa rangi ya majani makavu bila mchumba, dume mwenyewe anakibomoa anaanza upya. Kuna mke na mume watafiti wa Marekani, Nicholas na Elsie Collias, waliwachunguza hawa mnana miaka na miaka, mwaka 1962 walichapisha utafiti wao wa jinsi wanavyosuka, na walichoona ni kwamba dume kijana hazaliwi fundi, viota vyake vya mwanzo vinakuwa ovyoovyo na anaboresha kwa kurudia. Sasa muulize huyo anayekucheka amekaa na kazi ya mkono gani akairudia mpaka ikanyooka.

Kofia ya mkono mwanangu ni kazi ya wiki nyingi, vile vitobo kimoja kimoja unavitoboa na kuvizungushia uzi, mashine inaigiza lakini mwenye jicho anajua tofauti kabla hajaishika. Mi ningekuwa wewe ningejaribu kitu: ule mpangilio wa viota kwenye kuti, vinavyoshuka kimoja baada ya kingine, upeleke pembeni ya kofia. Usichore ndege, wateja wengi wa kofia hawapendi kuvaa mnyama hasa kwa msikitini, ila duara na mistari ya kiota hakuna atakayekataa. Na mwenye kujua atajua.

Bi Sindano mimi nafuma kwa krosheti na vipande vya uzi vinanibakia vingi. Nimeona kwenye intaneti watu wanavitundika kwenye mti ili ndege wajengee viota. Ni vizuri? – Mpenda Uzi, Mombasa

Hapana, usifanye. Ni wazo la huruma lakini uzi mrefu unamzunguka ndege mguuni au kinda shingoni, unakaza, mguu unakufa au ananing'inia hapohapo kiotani. Nailoni na akriliki ndo mbaya zaidi maana hazikatiki wala haziozi. Vipande vyako jazia mito au vikaragosi vya watoto, na ukimaliza kushona nje fagia chini, hata ule uzi mfupi uliokata kwa meno ukautema.

Ukitaka kuwasaidia ndege wa viota acha utando wa buibui kwenye vichaka, usiusafishe wote. Kuna kandege kadogo ka kijivu chenye mabawa ya kijanikijani, kamkia kamesimama, kanajificha chini kwenye vichaka na sauti yake utadhani mwanambuzi anamlilia mama yake. Wengi mmemsikia mkatafuta mbuzi. Huyo anashona hasa, si msemo, anavuta majani mabichi yakiwa bado kwenye mti, anayaunganisha kwa utando wa buibui, kiota kinakuwa ndani. Kushona huko hakuna duka la uzi linalohitajika.

Mtaani kwetu ndege wote wameisha, wamebaki kunguru tu, wanaiba mpaka sabuni. Nidarizi nini sasa? – Amechoka, Dar

Darizi kunguru! Sitanii. Hao wenye shingo ya kijivu ni kunguru wa India, waliletwa Unguja miaka ya 1890 wasafishe takataka, wakaona pazuri wakasambaa pwani yote, na kweli wanakula mayai na makinda ya ndege wengine, ndio maana Zanzibar na Dar zimefanya kampeni za kuwapunguza. Hilo ni kweli. Lakini ukikaa ukamwangalia ni kiumbe mwenye akili na mikao ya kila namna, na hakimbii, ni mwanamitindo wa bure. Shingo changanya kijivu na rangi ya udongo. Mwili tumia bluu iliyokoza na zambarau, nyeusi iwe kidogo kwenye kivuli tu, kwanza uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi utakutoa macho. Halafu ukifunika pipa lako la taka vizuri watapungua hapo kwako, na shore wanaweza kurudi hata ukiwa na mpapai mmoja.

Shikamoo. Usiku nikikaa kufuma kuna kitu kinalia kwenye minazi kama mtoto mchanga, mama mkwe anasema ni jini nisikae nje. – Muoga, Pangani

Marahaba. Ni komba huyo. Macho makubwa, mkia mnene, anatoka usiku kutafuta matunda na wadudu, na akikuta tembo imegemwa juu ya mnazi anajinywea, si unajua tunasema mtu amelewa kama komba. Mama mkwe usibishane naye, mwambie tu umesikia, halafu siku ya mbalamwezi mkaribishe mkae wote mumsubiri, pengine atakuwa wa kwanza kumuona. Kwa usiku chukua uzi mnene wa rangi nyeupe na krosheti kubwa, mikono inahesabu yenyewe huhitaji taa kali, na taa kali komba haipendi. Kazi ya sindano iache mchana.

Bi Sindano, tuko kikundi cha akina mama wanane hapa Malindi, tunadarizi vitambaa vya meza. Tunataka tutoke siku moja twende na kazi zetu mahali penye ndege wengi, si mbugani, hela ya gari la mbuga hatuna. Twende wapi na lini? – Kikundi cha Jumamosi

Nyie mko kwenye utajiri halafu mnaniuliza mimi! Nendeni Mida Creek pale Watamu, mwendo mfupi tu kutoka kwenu. Kuna mikoko na njia ya mbao inayoingia ndani ya mikoko mnapita bila kukanyaga tope. Ndege wa pwani mtawaona wanachokoa matope, sululu na mdomo wake uliopinda chini, heroe wakiwepo, na wale weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene mweusi wanaokula kaa, hao wanazaliana huko pande za Uarabuni na Pembe ya Afrika halafu wanashuka kwetu.

Lini? Upepo wa kaskazi. Ule uliokuwa unaleta majahazi ndio msimu ambao na ndege wa kaskazini wako kwetu, kuanzia Novemba hivi mpaka Machi mtakuta wengi, ikiwemo keremkerem wekundu wanaokusanyika jioni kulala kwenye mikoko. Kusi ikianza kuvuma wengi wao washarudi kwao kuzaliana.

Mkipata nguvu ya safari nyingine kuna msitu wa Arabuko-Sokoke hapohapo jirani, na humo anapita mnana mmoja wa manjano na mweusi ambaye duniani kote yuko Kilifi peke yake. Anaitwa mnana wa Clarke, na watu walikuwa hawajui anazaa wapi mpaka mwaka 2013 viota vilipoonekana kwenye majimaji ya Dakatcha, hukohuko Kilifi. Fikiria, ndege wa kaunti yenu, na sidhani kama kuna kitambaa cha meza hata kimoja kimemuweka. Nawapa hiyo kazi.

Vitu vya kubeba: fremu ndogo za duara, kazi iliyokwisha kupigwa bandi nyumbani ili msihangaike na upepo, mkasi wenye ala, na mfuko wa kufunga maana tumbili akiona kidonge cha uzi wa rangi anadhani ni tunda, akikipandisha mtini mtakifumua kutoka chini. Nguo vaeni za rangi tulivu, yale madera ya chungwa yaacheni kwa siku hiyo. Darubini moja inatosha kwa wanane mkipokezana, anayesubiri anashona. Na mfike maji yanapoanza kujaa, sio yakiwa yametoka kabisa, kwa sababu yakitoka ndege wanatawanyika mbali kule matopeni na mtaona nukta tu, ila yakijaa yanawasukuma wanakuja upande wenu. Muulizeni mvuvi yeyote wa hapo bamvua ni lini na maji yanajaa saa ngapi, atawaambia bila kuangalia karatasi.