Jina moja mahali patatu: vichwa vya kurasa za mwongozo

Msomaji mmoja ameuliza kwa nini kwenye Linux `man pakia` inamfungulia ukurasa wa mwongozo wa programu yake, pakia, bila shida, ilhali `apropos pakia`, amri ya kutafuta miongozo kwa neno, haioni kitu. Wengi tunaotunza programu huria tunakutana na jambo hili, kwa hiyo nalijibu hapa.

`man` hutafuta kwa jina la faili: `pakia.1` ndani ya saraka ya `man1`. `apropos` husoma faharasa iliyojengwa na `mandb`, nayo `mandb` huchota jina na maelezo kwenye sehemu ya NAME. Mstari wake uwe hivi:

`pakia \- tuma faili kwenye seva`

Kistari kikisahaulika, ukurasa hauingii kwenye faharasa. Majina yakiwa mawili, yatenganishe kwa koma. Kisha endesha `lexgrog pakia.1`, inayosoma mstari huo kama `mandb`; ikikujibu kwa jina na maelezo, umepona.

Mahali pa tatu ni mstari wa kichwa chenyewe:

`.TH pakia 1 2024-03-05 "pakia 2.1"`

Namba ya sehemu ya mwongozo hapa (1 ni amri za kawaida, 8 ni za usimamizi wa mfumo) ifanane na ya faili na ya saraka. Ukiandika 1 huku faili liko `man8`, juu ya ukurasa patasomeka pakia(1), wenzako watanakili hivyo kwenye kurasa zao, na atakayeandika `man 1 pakia` ataambulia patupu. Kosa la mtu mmoja linasambaa hivyo.

Herufi kubwa ndizo zinazoleta ugomvi zaidi. Desturi ya zamani ni kuandika PAKIA, na wanaotumia mdoc, mtindo mwingine wa kuandika kurasa hizi ambako kichwa hukaa kwenye `.Dt`, bado wanaishika. Lakini tazama `_exit` na `_Exit`: ni majina mawili tofauti kwenye lugha ya C, na yote yakipandishwa yanakuwa _EXIT. Msomaji hawezi tena kujua aandike lipi. Mradi wa man-pages wa Linux uliachana na desturi hiyo mwaka 2022, na kwa maoni yangu ulifanya vyema. Ukitumia mtindo wa man, wenye `.TH`, andika jina kama linavyoandikwa kwenye amri. Kama mradi umeshachagua vingine, fuata ulichochagua, maana mchanganyiko ndio mbaya kuliko yote. Anayesoma mwongozo usiku, seva ikiwa imekwama, anatuamini. Tusimtupe.

Ukurasa mmoja ukieleza vitendaji kadhaa, usinakili maandishi. Kila jina la ziada lipewe faili lake lenye mstari mmoja, mfano `.so man3/pakua.3`, na njia ianzie kwenye mzizi wa miongozo. Kichwa kibaki cha ukurasa mkuu.

Kukagua mkusanyiko mzima, `grep -rH '^\.TH' man/` inatosha kuanzia: jina la faili kushoto, kichwa kulia. Marekebisho ya vichwa yaingie kwenye komiti (rekodi ya mabadiliko, commit) yao wenyewe, yasichanganywe na mabadiliko ya maelezo, la sivyo mkaguzi atayapitisha bila kuyaona.