Maswali na Majibu: Wanaohimiza Kubana Matumizi, Nao Wabane

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja: serikali zinapokata bajeti za shule na hospitali, je, sekretarieti za jumuiya na mashirika ya kimataifa ziachwe zilivyo? Nimechagua hizi.

Kwa nini tuwaguse watumishi wa mashirika haya wakati hawalipwi na serikali zetu?

Wanalipwa na serikali zenu. Mchango wa mwanachama hutoka hazina, na hazina hujazwa na mlipa kodi.

Umoja wa Ulaya uliwahi kweli kujipunguzia chochote, au ni maneno ya mikutanoni tu?

Ulijipunguzia, lakini baada ya kusukumwa sana, na kisa chenyewe kinafaa kujulikana. Mishahara ya Brussels, yalipo makao ya Umoja huo, ilipangwa kwa kanuni iliyofuata mishahara ya watumishi wa umma katika nchi 8 wanachama. Kanuni hiyo ilitazama nyuma: ilipima miezi iliyokwisha kupita, kisha nyongeza ikatolewa mwishoni mwa mwaka. Ndiyo maana mwaka 2009, uchumi ukiwa umeshaporomoka, hesabu ilileta nyongeza ya asilimia 3.7. Nchi wanachama zikaidhinisha asilimia 1.85, yaani nusu yake. Tume ya Ulaya, yaani chombo cha utendaji cha Umoja huo, ikazishtaki, na Novemba 2010 ikashinda mahakamani.

Mahakama haikukosea. Kanuni ilivyoandikwa haikuzipa nchi hizo uhuru wa kukata nyongeza zitakavyo. Waliokosea ni viongozi wa Tume walioona kesi hiyo inafaa kufunguliwa. Mwaka huohuo wa 2010 Tume ilikuwa miongoni mwa taasisi tatu zilizoitaka Ugiriki, iliyokuwa ikikopeshwa, ipunguze malipo ya watumishi wake wa umma. Huwezi kumwambia mwalimu wa Athens akubali kukatwa mshahara huku wewe uko mahakamani kudai nyongeza yako kamili, halafu ukatarajia akuamini.

Dawa ilipatikana kanuni yenyewe ilipobadilishwa. Kuanzia Januari 2014 wiki ya kazi ilipanda kutoka saa 37.5 hadi 40 bila senti ya ziada, umri wa kustaafu ukapanda kutoka miaka 63 hadi 65, na hadi 66 kwa wanaoajiriwa wapya. Makato maalumu ya asilimia 6 yakawekwa, na asilimia 5 ya nafasi za kazi zikapangwa kuondolewa. Wanaotaka kubana matumizi popote wapite njia hii: wabadilishe sheria kwa kura, mchana kweupe, wasiivunje kwa hasira ya msimu.

Tukikata mishahara hiyo, si nakisi za bajeti za nchi zitapungua?

Kwa kiasi kidogo mno. Bajeti yote ya Umoja wa Ulaya ni kama asilimia 1 ya pato la nchi wanachama, na uendeshaji ni takriban asilimia 6 tu ya bajeti hiyo. Sehemu kubwa hurudi kwa wakulima, mikoa maskini na utafiti. Mwanasiasa anayewaahidi kuziba pengo la bajeti kwa mishahara ya Brussels anawadanganya. Ninaunga mkono makato kwa sababu ya haki: anayeandika masharti ya kubana mkanda sharti naye ayaonje.

Ni kweli Bunge la Ulaya huhama kila mara?

Kweli. Vikao 12 kwa mwaka hufanyika Strasbourg, mji wa Ufaransa, wakati kazi nyingi ziko Brussels. Mwaka 2014 wakaguzi wa hesabu wa Umoja huo walikadiria kwamba kuachana na Strasbourg kungeokoa euro milioni 114 kila mwaka. Wabunge wameshapiga kura kutaka waamue wenyewe mahali pa kukutania, lakini makao yameandikwa kwenye mkataba, mkataba haubadiliki bila kila nchi kukubali, na Ufaransa haikubali. Kwa hiyo mkisikia serikali ikilaani ufujaji wa Brussels, ulizeni kwanza ni ufujaji upi ambao serikali hiyo yenyewe inaulinda.

Watumishi hawa hawalipi kodi, sivyo?

Nimeshalijibu hili mara nyingi, na bado linarudi. Watumishi wa Umoja wa Ulaya hukatwa kodi inayoingia kwenye bajeti ya Umoja, viwango vikianzia asilimia 8 hadi 45. Umoja wa Mataifa nao una makato yake ya ndani. Kama mnatafuta la kuhoji, hojini kanuni iliyorithiwa kutoka Shirikisho la Mataifa lililoutangulia Umoja wa Mataifa, inayotaka mishahara ya kimataifa ilingane na ya serikali inayolipa watumishi wake vizuri kuliko zote. Kwa Umoja wa Mataifa kipimo ni serikali kuu ya Marekani. Kwa maoni yangu kanuni hiyo imeishi kuliko inavyostahili.

Nchi ikizuia mchango wake, si ndiyo njia rahisi ya kuyalazimisha mashirika yabane?

Hapana, hapana. Kuchelewesha deni hakupunguzi matumizi, na wanaochanganya mambo haya mawili wanafanya uharibifu mkubwa. Fedha zisipofika, shirika husimamisha ajira. Hapo nafasi inayobaki wazi ni ya yule aliyeondoka, hata kama alikuwa mkaguzi au mkalimani asiye na mbadala, na asiye na kazi ya maana anabaki kitini. Kuna na jambo baya zaidi. Kanuni za fedha za Umoja wa Mataifa hutaka bajeti isiyotumika irejeshwe kwa wanachama, hata kama haikutumika kwa sababu fedha hazikulipwa. Katibu Mkuu Guterres amelilalamikia hili waziwazi, na ana haki.

Makato ya kweli hupendekezwa, hujadiliwa na hupigiwa kura. Mwaka 2025 Guterres alipendekeza bajeti ya kawaida ya 2026 ipungue kwa zaidi ya asilimia 15, pamoja na kufutwa kwa nafasi 2,681. Hilo linaweza kupingwa mstari kwa mstari. Deni lililokaliwa kimya halina mistari ya kupinga.

Wewe ungeanza kukata wapi?

Kwenye mikutano na ripoti. Agosti 2025 Baraza Kuu liliambiwa kwamba mwaka uliotangulia mfumo wa Umoja wa Mataifa ulihudumia mikutano 27,000 na sekretarieti ikaandika ripoti 1,100, huku ripoti nyingi zikipakuliwa mara zisizofika 2,000. Kila ripoti iliagizwa na nchi wanachama katika azimio fulani, na maazimio mengi hayana tarehe ya kukoma. Ningetaka kila agizo liwe na mwisho wake, na atakayelitaka tena alitetee upya.

Na jumuiya maskini, kama za Afrika, nazo zikate?

Posho na safari, ndiyo. Ila ugonjwa wao mkubwa ni kutolipwa. Mwaka 2016 mjini Kigali viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kutoza asilimia 0.2 ya bidhaa zinazoingizwa ili umoja huo ujitegemee, na bado programu nyingi zinategemea wafadhili. Angalieni hapo: mfadhili akipunguza, yeye ndiye anayeamua kazi ipi ife, na bunge lenu halitaulizwa. Kabla ya kudai sekretarieti ipunguzwe, mwulizeni waziri wenu wa fedha mchango wa mwaka jana ulilipwa mwezi gani.