Mazabodi ya gemu kwa mtumiaji wa Linux: anza na chipu ya mtandao

Nimeunganisha kompyuta kadhaa za gemu zinazotumia Linux pekee, yangu na za marafiki, na swali la kwanza huwa lilelile: ninunue Asus, MSI au Gigabyte? Mimi huanza kwingine kabisa. Chipu yake ya mtandao ni ipi?

Prosesa na kadi ya grafiki siku hizi hazinipi presha. Draiva za AMD zimo ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux, na tangu 2018 Proton, programu ya Valve, inachezesha gemu nyingi za Windows kwenye Linux. (Gemu ya Valorant haimo, na hakuna bodi itakayokusaidia hapo.) Shida hujificha kwenye vitu vidogo, na bodi ya bei kubwa ndiyo hubeba chipu mpya kuliko zote. Chukua RTL8126 ya Realtek, ya gigabiti 5, iliyomo kwenye bodi nyingi za juu za AM5, soketi ya prosesa za AMD. Draiva yake iliingia kwenye kerneli toleo la 6.9, wakati Ubuntu 24.04 ilitoka na 6.8. Unachomeka waya wa intaneti, kimya. Wi-Fi 7 ya MediaTek MT7925 nayo inataka 6.7 kwenda juu. Debian 12 ina 6.1. Ila RTL8125 ya gigabiti 2.5 ina miaka ndani ya kerneli, na kwa gemu za mtandaoni inatosha na kubaki.

Maelezo ya bodi mara nyingi yanasema "Wi-Fi 7" tu, basi. Nenda kwenye ukurasa wa draiva za Windows wa bodi hiyohiyo: pale utaona kama ni MediaTek, Realtek au Qualcomm. Kisha litafute jina la bodi kwenye linux-hardware.org, uone waliokutangulia wamepata nini. Angalia pia toleo, ile "rev" iliyoandikwa kwenye boksi au pembeni mwa bodi, kwa sababu jina moja laweza kubeba chipu tofauti. Kama unaagiza kupitia muuzaji, mwombe akupigie picha ya hapo kabla hujatuma hela. Kurudisha bodi iliyotoka Dubai ni safari nyingine.

Ukibahatika kuijaribu dukani, nenda na flashi yenye Linux, iwashe, ufungue terminali, uandike amri lspci -nnk, inayoorodhesha vifaa vya bodi. Chini ya kila kifaa tafuta mstari wa "Kernel driver in use". Kifaa cha mtandao kisicho na mstari huo bado hakijapata draiva.

Kasi ya feni ipange ndani ya BIOS, ile menyu ya bodi inayofunguka kabla ya Linux kuwaka, na BIOS yenyewe isasishe humohumo kwa flashi iliyofomatiwa FAT32, Windows haihitajiki.

Na kama bodi umeshainunua na mtandao umegoma, chomeka simu ya Android kwa kebo, washa USB tethering, yaani kugawa intaneti ya simu kupitia kebo. Linux huipokea kama mtandao wa waya, nawe unapakua kerneli mpya.